Kifurushi Kwenye Buti

Jumatatu, 3 Machi

Kontena limefika! Wakala amepiga simu asubuhi, na Baba akanikabidhi simu kama mtu anayekabidhi kaa la moto. "Zungumza nao wewe, mama. Hiyo lugha yao inanipiga chenga." Nikazungumza. Yaani, nilisema ndiyo nyingi mno. Mkono ulinitoka jasho mpaka simu ikataka kuteleza. Nimesoma lugha mbili tangu chekechea, na zote mbili zinanikimbia nikisikia sauti ya mtu nisiyemjua.

Redio akasikia neno kontena, basi! (Redio ni mdogo wangu. Ana miaka sita na hana kitufe cha kuzimia.) Akakimbia vyumba vyote akipiga kelele kontena, kontena, na nyumba nayo ikamrudishia, maana ndani hamna kitu. Hamna kiti, hamna pazia. Tunakula juu ya boksi tulilookota kwenye ngazi. Jirani wa chini akagonga dari lake kwa fagio.

Mama alipotoka kazini alikaa chini, mgongo ukutani, viatu miguuni. Hakuuliza vitanda. Hakuuliza hata masufuria yake. Aliuliza kitu kimoja: "Gari lini?" Kazi yake ni kuwauguza wazee majumbani mwao, nyumba hii mpaka ile, na walimwajiri kwa sharti awe na gari lake mwenyewe. Aliwaambia liko njiani. Lilikuwa njiani kweli! Sasa anakwenda kwa miguu na kwa basi, anafika amechelewa, anaomba radhi. Muda wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi huu. Kazi ikiondoka, vibali vyetu vinaondoka nayo.

Hili halisemwi mbele ya Redio. Jengo zima litajua.

Jumatano, 5 Machi

Forodhani. Baba alivaa suti. Suti yenyewe moja, na imeshaanza kumkataa tumboni.

Wakala nimempa jina: Dakika Mbili. Kila kitu kwake ni dakika mbili. Tulikaa kwenye benchi dakika mbili zake mpaka Baba akasinzia.

Ofisa ni mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Hapazi sauti, na hilo ndilo linalonitisha. Alieleza hivi: anayehamia anaruhusiwa kuingiza vyombo vyake vya nyumbani na gari lake bila kulipa ushuru. Ila viwe vyake, na viwe vimetumika. Neno "vyake" alilirudia. Akauliza: mna chochote humo cha mtu mwingine?

Nikamtafsiria Baba. Akacheka. "Mwambie ni vyetu vyote, mpaka kijiko kilichopinda."

Nikasema: ni vyetu vyote. La kijiko nikaliacha. Ndivyo nilivyo, utani wa Baba unafia mdomoni mwangu. Huku watu watadhani ni mtu asiye na maneno, yeye ambaye kule nyumbani, gerejini kwake, wateja walikuwa wanakaa hata gari likishapona, wasikilize tu.

Akatia sahihi. Ukaguzi keshokutwa.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ghala kubwa, baridi, taa nyeupe. Mtu wa ghala akakata sili ya kontena. Milango ikalia. Na vitu vyetu vile! Godoro limekunjwa kama mtu anaumwa tumbo. Meza miguu juu. Nilitaka kuvisalimia. Baba alilifuata gari moja kwa moja, akalipapasa boneti kama mtoto aliyerudi kutoka bweni amekonda. "Umechoka, eh? Umechoka." Betri ilikuwa imekufa. Akasema hiyo si kitu, apewe nusu saa tu na waya.

Ofisa akaomba buti lifunguliwe.

Jeki. Tairi la akiba. Na nyuma ya tairi kifurushi cha kitambaa cha kijivu, ukubwa wa mto wa kulalia, kimeshonwa pande zote. Mishono midogo, iliyokaribiana, hata ukucha hauingii.

"Hiki nini?"

Mimi sikukijua. Nikamgeukia Baba. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Kumbe ni cha fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja kule nyumbani, aliyenishonea sare zote za shule. Mwanawe alihamia nchi hii zamani, mimi sijazaliwa. Siku ya kupakia mzee alikuja mwenyewe, akakiweka mikononi mwa Baba. Mpe mwanangu, mkono kwa mkono. Kisifunguliwe. Baba akasema: nimepokea.

"Lakini Baba, aliuliza juzi kama kuna kitu cha mtu!"

"Aliuliza vyombo, mama. Hiki si chombo. Hiki ni amana."

Alisema kweli. Alimaanisha. Hakuwahi kufikiri kwamba vinaweza kuhesabiwa pamoja.

Ofisa ananingoja. Baba ananingoja. Mwisho nikasema: anaomba muda. Hakuwa ameomba.

Ofisa akavaa miwani, akaeleza taratibu ili nisikosee. Kama kifurushi ni cha Baba, akifungue mwenyewe mbele yake, atazame, basi, tuondoke na gari na vyombo vyetu. Kama ni cha mtu mwingine, basi alichotilia sahihi si kweli. Faili linapanda ghorofa ya juu, na kontena zima linazuiliwa pamoja nalo, gari na vyote. Kule juu miezi inapita. Akatupa mpaka Alhamisi.

Kifurushi akakiweka kwenye trei ya plastiki, kikafungiwa kabatini. Gari likabaki pale pale, buti wazi.

Jumamosi, 8 Machi

Vita. Ya sauti ya chini, kwa sababu ya jirani wa fagio.

Mama: "Tenda wema usizidi uwezo! Nilikwambia." (Hakumwambia. Hata yeye hakujua.) "Sema ni chako, kata uzi, turudi na gari. Uzi tu, baba wee! Uzi!"

Baba: "Nilisema nimepokea."

Mama: "Na mimi niliyewaambia gari liko njiani, sikusema?"

Redio akainua kichwa kutoka kwenye sahani: "Labda ni bomu."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta, sote tukacheka, na kicheko kilipoisha yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza. Akauliza polepole: kweli, kuna nini mle? Baba hajui. Hakuuliza. Na kama kuna kitu kibaya? Akishasema ni chake, na hicho kibaya kitakuwa chake.

"Mzee yule?" Baba alisema. "Anayekurudishia hata vipande vya kitambaa vilivyobaki?"

Ni kweli. Kila sare yangu ilikuja na kimfuko cha vipande. Lakini nimemwona Mama akifuta boksi lile lile mara tatu.

Jumapili, 9 Machi

Baba amempigia simu huyo mwana wa fundi. Namba alikuwa amepewa. Tulikaa sote sakafuni, simu katikati, spika wazi. Mpango wa Baba: akija tu forodhani, aseme ni chake, akifungue yeye, labda ofisa atatusamehe. Baba alikuwa ameshapanga na jinsi ya kumkaribisha chai.

Alipokea kwa lugha ya huku. Baba akamsalimia kwa yetu, akajitaja, akamtaja mzee. Yule mtu akajibu kwa lugha yetu, safi kabisa, kama aliiacha jana. Hakuagiza kitu. Huyo mzee alimfukuza kwa mdomo wake mwenyewe, aendelee hivyo hivyo. Kitupeni, chomeni, ni juu yenu. Tusimpigie tena.

Tiii.

"Mtandao umekatika," Baba akasema.

Tukasema eeh, mtandao wa huku mbaya. Hata Redio hakusema neno. Nimeandika hili kwa sababu halijawahi kutokea.

Mama baadaye, kwa upole sasa: basi si umesikia mwenyewe, hakitaki. Amana ya nani tena?

"Amana si ya anayepelekewa. Ni ya aliyeitoa."

"Basi mpigie mzee umwombe ruhusa ya kufungua."

Baba akakubali. Atampigia Jumanne, siku ambayo mzee anashinda dukani karibu na simu. Nikalala nimepumua. Mbona rahisi hivyo!

Jumanne, 11 Machi

Si rahisi.

Mzee alipokea mlio wa kwanza tu. Hakungoja salamu. Umempata? Umempata mwanangu? Sauti yake ilikuwa inapanda kama ya Redio. Amenenepa? Ana watoto? Amepokea?

Baba alifungua mdomo. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nikaona maneno yalivyofika menoni, halafu yakarudi.

"Amepokea, mzee wangu. Kwa mikono miwili."

Mama akaweka kiganja mdomoni. Baba akaendelea! Amefurahi. Amenenepa kiasi. Kazi nyingi tu, ndiyo maana. Amekusalimu sana. Kule upande wa pili mzee akawa anasema aa, aa, aa, hana neno jingine. Kisha akamwombea Baba dua ndefu. Baba aliisikiliza yote amegeukia ukutani, akiitikia.

Sasa hawezi kumwomba ruhusa. Utafungua vipi kitu ulichokwisha kumpa mwenyewe?

Mama hakugomba. Alikwenda akafua sare yake ya kazi kwenye beseni, ingawa ilikuwa safi.

Nimelala kitandani (yaani chini) nawaza. Baba hawezi kumdanganya ofisa, mtu asiyemjua, hata kwa ajili yetu. Lakini fundi kamdanganya bila kupepesa. Nilitaka kumwuliza tofauti yake nini. Sikumwuliza. Mimi simwulizi mtu kitu.

Jumatano, 12 Machi

Msimamizi wa Mama ameuliza tena habari za gari. Kwa tabasamu, anasema Mama. Angekuwa anagomba ingekuwa afadhali.

Baba ameshona kifungo cha suti yake. Akajichoma sindano, akanyonya kidole, akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hakuna aliyecheka.

Mama alinivuta jikoni. Hakuna mlango, kwa hiyo alininong'oneza. "Wewe ndiye mdomo wake kule. Unanielewa?"

Nikasema sielewi. Nimeelewa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika hapa hapa kwenye benchi la forodhani, nyuma ya daftari la hesabu. Baba yuko kando yangu. Mikono magotini.

Asubuhi tulipokuwa tunatembea kuja alisimama, akanishika bega. Akasema nimeamua. Nitasema kama ilivyo, wapandishe faili wanakotaka, Mungu hamtupi mja wake. "Leo tafsiri neno kwa neno, mama. Usinipunguzie."

Nikaitikia kwa kichwa.

Tukaingia. Ofisa akatoa trei kabatini. Kifurushi juu ya meza kilionekana kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Akauliza swali lake, lile lile: ni chake? Nikatafsiri. Baba akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Akazungumza kwa raha, kama yuko gerejini kwake, kwa mara ya kwanza tangu tufike:

"Mwambie si changu. Mwambie kuna mzee ni jirani yangu, alinipa kwa mkono wake nami nikakubali kwa mdomo wangu. Sikukifungua na sitakifungua. Kosa la kutokukitaja ni langu peke yangu, wasimhesabie mke wangu. Mwambie samahani, sikujua kwamba huku amana ni mzigo."

Yalikuwa maneno mazuri. Nilikuwa nayo yote, kila moja na mwenzake wa lugha ya pili, yamejipanga tayari. Nikamwona Mama kwenye kituo cha basi, giza bado. Nikamwona mzee akisema aa, aa, aa. Sauti ikanitoka, kubwa, safi, haikukwama hata mara moja:

"Anasema ni chake."

Ndivyo. Nimeshaandika.

Ofisa hakuniambia nirudie. Huwa wote wananiambia nirudie! Akaitikia kwa kichwa, tena nadhani alifurahi kwa ajili yetu. Akafungua droo, akatoa mkasi, akauweka mbele ya Baba, upande wa kushikia ukimwelekea yeye.

Baba akautazama mkasi. Akamtazama ofisa, anayetabasamu. Lugha haijui, lakini mkasi anaujua.

"Umemwambia nini?"

Simu ya mezani ikalia wakati huo huo. Ofisa akasikiliza, akasema anaitwa upande wa pili mara moja, tungoje nje, hatakawia. Ndiyo tuko hapa. Kwenye kioo cha mlango nakiona kifurushi na mkasi kando yake. Dakika Mbili amepita na chai yake, akaniinulia kidole gumba.

Nikimwambia ofisa nilisema uongo, Baba ndiye atakayeonekana mwongo, mara mbili. Nikinyamaza, Baba atakata ule uzi au hataukata, na akiukata ni mimi niliyemshika mkono. Na mle ndani sijui kuna nini. Nimesema ni chake na sijui kuna nini! Mama alisema mimi ndiye mdomo wake. Mdomo haukuambiwa ufanye nini baadaye.

Baba hajagomba. Angegomba ningelia, ingeisha. Ameuliza tena sasa hivi, taratibu kabisa, kama anaongea na mtu anayemheshimu. "Mama. Neno kwa neno. Umemwambia nini?"

Nimemwambia angoje namalizia kuandika.

Ofisa anarudi, nasikia viatu. Mlango umefunguka. Anatuita kwa mkono. Baba hainuki. Hata hamtazami. Anasema hainuki mpaka nimwambie, neno kwa neno.