KIKAO CHA FAMILIA KUHUSU VITU VYA MAMA VILIVYOPOTEA MBELE YA MACHO

Siku: Jumapili alasiri
Mahali: Sebuleni kwa Mama
Waliohudhuria: Kaka Mkubwa (Mwenyekiti), Shangazi, Kitindamimba (fundi cherehani), Mama, na mke wa Kaka Mkubwa (Katibu)
Asiyehudhuria: Mtoto wa pili, dereva, yuko safarini, alitoa udhuru

KUMB. NA. 1/2: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba iliamuliwa Mama ahamie kwake na nyumba hii ifungwe, kwa kuwa akili yake ilionekana kuanza kumtoka. Alikuwa akitafuta chumvi na chumvi iko mbele yake. Mara kitana, mara kifuniko cha sufuria. Siku moja alikutwa amekaa sakafuni jikoni, analia.

Kitindamimba alisema yeye hakuafiki uamuzi ule. Mwenyekiti alijibu kwamba hakumsikia. Katibu aliomba iandikwe kwamba chumba cha Mama kilikuwa tayari, ingawa aliyekitayarisha hakuulizwa.

KUMB. NA. 2/2: TAARIFA YA KITINDAMIMBA
Alieleza kwamba alikuja kukaa na Mama akashinda naye jikoni. Chupa nyekundu ya chai Mama aliichukua bila taabu. Bakuli jeupe la chumvi, juu ya kitambaa cheupe, mkono ulilipita. Alipotandika kitambaa cha bluu, Mama alilishika papo hapo.

Hapo alimpeleka kwa daktari wa macho. Ilionekana ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kulia limeshapasuliwa na limepona; la kushoto litafuata.

Mwenyekiti alitaka kujua kwa nini hakuambiwa. Kitindamimba alijibu, "Ningekuambia, ungeitisha kikao." Wajumbe walicheka. Mwenyekiti alichelewa kidogo kucheka.

Shangazi alimwomba Mama radhi: "Wifi yangu, nilishaanza kukusemesha kama mtoto mchanga." Mama alisema aliliona hilo hata bila macho.

KUMB. NA. 3/2: MANENO YA MAMA
Mama alisema kutafuta vitu hakukumwumiza sana. "Nilikuwa nawasikia mkinong'ona kwamba nimechanganyikiwa. Mwishowe nikawaamini."

Mwenyekiti alitoa leso. Kikao kilisimama hadi alipomaliza kujifuta uso.

KUMB. NA. 4/2: MAAZIMIO
Uamuzi wa kumhamisha Mama ulifutwa kwa kauli moja. Atabaki kwake. Kitindamimba atampeleka kwa upasuaji wa pili, na safari hii wote wataarifiwa. Shangazi alisema, "Alhamdulillahi," akaenda mwenyewe kuchemsha chai.

KUMB. NA. 5/2: KUAGANA
Mwenyekiti alipoinama kuaga, Mama alimshika kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani, akamtazama sana.

"Kumbe umeota mvi, mwanangu? Na hukuniambia?"

Mwenyekiti alisema, "Za juzi tu, Mama."

Katibu anathibitisha kwamba si za juzi.

Wajumbe waliagana saa kumi na moja jioni.

................................ Mwenyekiti
................................ Katibu