Uchochoro wa Ndoo

Jumatatu, 4 Machi 1957

Uji kwa Mama kabla king'ora cha kiwanda hakijalia. Nashuka njia yetu, navuka kibarabara cha vumbi, nimefika kwake Majengo. Macho yake yana ukungu sasa, hawezi kuwasha jiko bila kujiunguza. Kuhamia kwetu hakuwezekani. Kwa desturi yetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Hata wakikutana njiani, mmoja hupisha pembeni na kugeuza uso. Basi natembea mimi, wala sioni taabu.

Nguzo za chuma zimelazwa mwisho wa njia yetu. Hakuna anayesema ni za nini.

Jumatano, 6 Machi

Ni za ua wa waya. Njia zote za nyumba hizi mpya za wafanyakazi zitazibwa upande wa Majengo. Litabaki geti moja, upande wa kiwanda. Mzungu wa mipango ndiye aliyechora ramani, wajumbe wetu wa halmashauri wakaikubali. Mjumbe mmoja ni mume wangu.

Nimemuuliza. Hakuacha kung'arisha viatu. "Mama Yunia, watu wa Majengo watatuletea uchafu. Pombe, wezi. Huu ni mtaa wa kisasa."

Mama yangu ni mtu wa Majengo. Hilo hakulitaja. Nimechukia hata namna alivyoitemea mate brashi.

Jumatatu, 11 Machi

Waya umefungwa. Sasa ni kutoka getini, kuzunguka kiwanda chote, kufuata reli, kisha kurudi nyuma tena. Uji umefika baridi, una ngozi juu. Askari wa geti amefunua sufuria akachungulia. Kesho atataka kuonja.

Alhamisi, 14 Machi

Kumbe iko njia moja waliyoiacha. Uchochoro wa nyuma ya vyoo. Wabeba ndoo lazima wafikishe mzigo wao kwenye mkokoteni unaosubiri ng'ambo, kwa hiyo ramani imewaachia nafasi hadi Majengo. Kinyesi kina barabara. Sisi hatuna.

Nimepita leo. Ukuta kulia, ukuta kushoto, upana wa mtu mmoja na ndoo yake. Nimeziba pumzi, sufuria kichwani, sketi mkononi. Nilipotokea upande wa pili nikatapika. Mama amesema uji unanuka. Si uji. Ni mimi.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Uchochoroni maji ya kijivu hadi vifundoni. Kila mtu anapita humo sasa, wenye mboga, watoto wa shule. Jumamosi ilipita kwaya nzima ya kanisa, mmoja nyuma ya mwenzake, midomo imefumbwa.

Baba Yunia huzunguka getini na mwavuli wake. Anasema sisi ndio hatujastaarabika. Ananitia kinyaa.

Jumapili, 31 Machi

Siku mbaya.

Yunia aliamka na homa, nikachelewa na uji. Mama akaingiwa na wasiwasi, akaja mwenyewe akipapasa ukuta wa uchochoro. Baba Yunia naye alikuwa amechelewa kanisani. Leo, kwa mara ya kwanza, akakata humo humo na suti yake.

Wamekutana katikati. Hakuna pa kupisha. Mama hakumtambua mpaka alipokohoa, wako uso kwa uso. Akajifunika leso kichwa kizima. Mkwe akarudi kinyumenyume, mguu ukanasa kwenye ndoo ya choo iliyoachwa hapo, ikapinduka. Wote wawili ikawamwagikia. Yeye akakimbia. Mama akabaki ameelekea ukutani, analia, mpaka jirani akaja kuniita.

Nimemwosha miguu kwenye bomba la nje. "Mwanangu, ningepita wapi? Ningejificha wapi?" Aliuliza hivyo hivyo hadi nikamrudisha kwake.

Baba Yunia hakuuliza hali ya Mama. Aliuliza kama harufu itatoka kwenye suti. Nilimtazama nikaona suti ina nafuu.

Jumatano, 3 Aprili

Jana halmashauri ilikaa. Nilikuwa nimemsihi aombe mlango mmoja tu kwenye waya, wa kupita mtu mmoja.

Alirudi akaanza kung'arisha viatu. Nilimbana, ndipo akasema. Kuta za uchochoro zitaongezwa urefu ili harufu isifike kwenye nyumba. Na yeye aliinua mkono kukubali. Mlango hakuutaja. Alisema wenzake wangemcheka.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua imekatika. Uji umeiva hapa hapa, kwenye jiko la Mama. Ameunywa ukiwa moto, akiupuliza, akilalamika kwamba ni moto. Homa ya Yunia imeshuka. Amelala kwenye kitanda cha bibi yake.

Kule nimeacha nyumba imefagiwa, suti imefuliwa na kutundikwa, ufunguo mezani. Baba Yunia akituhitaji, asimame nje aite, kama mkwe mwenye adabu.

Njia anaijua.