Bendera ya Nusu Tai

Mpendwa Mama,

Huko uliko, nadhani bado unamchunguza kila anayepita. Leo nimemkumbuka yule Mholanzi, mwalimu wa Chuo cha Kyambogo, aliyekuja kwenye kibanda chako cha ushonaji Katwe akitaka umshonee bendera. Kiswahili chake alikuwa amejifunza Kongo, walikojificha waasi, na hilo tu lilitosha kukutia shaka.

Alituonyesha picha kwenye simu: bendera ya kijiji kidogo alikozaliwa, huko Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Buluu na njano, na katikati ngao yenye nusu ya tai mweusi na majani matatu ya kijani.

"Kijiji gani iko na bendera?" ulimwuliza. "Na hii ndege, nusu ingine iko wapi?"

Akacheka, akasema ndivyo wazee wao walivyoichora. Wewe hukucheka. Baba alikuwa bado jeshini, na mke wa askari akikutwa anashona bendera isiyojulikana, ataulizwa ni ya waasi gani. Kazi uliikubali, lakini ulishona umefunga mlango, na jirani alipobisha ukakikalia kitambaa.

Ilipokamilika ulikataa aje kuichukua. "Tutampelekea. Nataka kuona anatundika wapi."

Tulimkuta uani kwake, peke yake, amevaa suti. Akaipandisha kwenye mwanzi, akaiachia katikati. Ukaniminya mkono.

"Mbona hufikishi juu?" ukamwuliza.

"Baba yangu anazikwa leo kijijini," akasema. "Sikuweza kusafiri."

Ulivua viatu, ukasimama kando yake mpaka alipomaliza kuomba. Njiani ukaniambia, "Mimi bado siamini huyo mtu. Lakini baba yake amekufa kweli."

Mama, siku hizi mama mdogo, mdogo wako, ananipigia simu kutoka Gulu. Anasema anaumwa, niende. Kaka anasema ni mtego, anataka nikubali shamba lako liuzwe. Nami namshuku mama mdogo, sauti yake ina nguvu mno kwa mgonjwa. Nimekuwa nikimjibu kwa mkato tu. Wewe uliposhuku jambo, ulifunga safari kulitazama.

Kesho napanda basi. Nikimkuta mzima, tutagombana uso kwa uso. Nikimkuta mgonjwa, nitamwogesha kama nilivyokuogesha wewe.

Pumzika, Mama. Nitapita kwanza kaburini kwako.

Kitindamimba wako