Miwani ya Marehemu Baba Mkwe

Mama Flavia mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimebanwa kweli.

Mimi ni mke wa Eliufoo, kitinda mimba wa nyumba yao hapa Mwika, na baba yake alipofariki mume wangu alirithi nyumba, kihamba cha migomba na miwani, ile ya duara aliyovaa marehemu akihubiri, na tangu achaguliwe balozi wa nyumba kumi haivui mbele za watu, eti inampa heshima, na kweli inampendeza, ila akiivaa anatembea kwa kupapasa na juzi amedumbukia mferejini na suti yake mpya.

Sasa Mama, nikiifuta matope nikaijaribu, na weee! Migomba ya ng'ambo ya mfereji nikaona jani moja moja, na binti yangu akitoka shule nikamjua kwa sura angali mbali, kumbe siku zote namjua kwa mwendo tu, nikalia. Inakuwaje kioo kilekile kimzibe mume wangu macho na mimi kinifumbue? Ni baraka ya mwinjilisti au ni nini?

Taabu ni mama mkwe, Mama Yuditha, amenishtaki kwa ukoo kuwa nina dharau, nampita njiani bila shikamoo, na Mungu ni shahidi simwoni, nilidhani watu wote huona hivyo, na Jumamosi kwenye kikao huenda nikarudishwa kwetu Marangu. Nikisema ukweli wataniuliza nimejuaje, na mimi mwanamke nimevaa miwani ya marehemu! Nifanyeje?

Eunike, Mwika

Marahaba, Eunike. Pole sana, na uoga huo uache.

Hakuna baraka wala uchawi. Kioo cha miwani husuguliwa kufuata macho ya mwenyewe. Marehemu hakuona mbali, nawe huoni mbali. Eliufoo macho yake ni mazima, anajitia upofu kwa hiari. Wala si wa kwanza. Miwani ilianza Ulaya karne nyingi zilizopita, wazee wapate kusoma, na baadaye wakatokea wa kuivaa waonekane wasomi. Hapa Moshi mjini vijana wanaingia sinema na miwani nyeusi, wanajikwaa kwenye viti. Mumeo ni ndugu yao. Akitaka pambo anunue kofia.

Na wewe nawe! Mtoto wako humjui kwa sura, na hujamwambia mtu? Hapo nakugombeza. Nenda hospitali Moshi upimwe, upate miwani yako, maana ya mzee ni ya kushikizia tu.

Jumamosi usiombe radhi ya dharau ambayo huna. Mwombe mumeo miwani mbele ya ukoo wote, uivae, wanaotaka kucheka wacheke. Kisha mtazame Mama Yuditha huko mbali alikokaa, umwamkie, umwambie kwamba tangu uolewe hujawahi kuuona uso wake kutoka upande wa pili wa chumba.