Uji wa Sukari wa Dada Odile

Kindu, Mikelenge
12 Februari 2024

Kwako Dada Odile mpendwa,

Pokea salamu tele za mdogo wako Arsène. Hujambo huko Kibombo? Mpunga umekubali mwaka huu? Mgongo bado unakusumbua ukiinama? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kugombana vizuri zaidi, mke wangu Francine anakusalimu, na Divine wetu, mwenye miezi minne, amejifunza kucheka bila sababu. Mimi nimepona, Dada. Nimepona kabisa!

Simu zangu huzipokei, ndiyo maana naandika. Barua hii nampa jirani yetu Djo, atakayepanda treni kesho.

Umempelekea Mama ujumbe kwamba hutakuwa mama wa ubatizo wa Divine, kwa kuwa figo uliyonipa ndiyo iliyoniletea virusi, na mkono ulioleta ugonjwa haufai kumbeba mtoto. Maneno hayo yameniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Basi tulia unisikilize.

Mwezi wa kumi na moja, malengelenge yaliponizunguka ubavu mmoja kama mkanda, hata shati lilikuwa adui, na mwanangu sikumbeba wiki tatu. Daktari Gisèle alisema ni zona, yaani mkanda wa jeshi. Alinieleza kwamba dawa ninazomeza kila siku, ili mwili usiikatae figo yako, zinapunguza pia kinga. Virusi vya tetekuwanga hubaki mwilini tangu utotoni, vimelala. Kinga ikilegea, vinaamka. Nikamuuliza kuhusu figo. Akasema vipo virusi vinavyoweza kusafiri na figo, ndiyo maana damu yako ilipimwa kabla ya upasuaji kule India, lakini hivi vilikuwa vyangu mimi, wapangaji wa zamani. Alinianzishia dawa mapema, malengelenge yakakauka. Vipimo vya juma lililopita vinaonyesha figo yako inachapa kazi, na mtoto nambeba mpaka Francine analalamika.

Halafu daktari akaniuliza nani aliniambukiza tetekuwanga utotoni. Nikajibu sikumbuki. Nilidanganya, Dada.

Unakumbuka mwaka wa 1999, tulipokimbia vita tukajificha msituni upande wa Kailo? Ulijaa vipele, Mama akakutenga kwenye kibanda cha majani, akatukataza kuingia. Sukari yetu yote ilikuwa kikopo kimoja, na aliapa kwamba ni ya mgonjwa tu. Kila asubuhi alikuwekea uji wa mchele mlangoni, na kila asubuhi ulilia kwamba umekuta bakuli nusu. Binamu yetu Bienfait alichapwa fimbo kwa kosa hilo.

Mimi ndiye niliyekunywa. Nilikuwa na miaka saba. Nilitambaa ndani ukiwa umelala na homa, nikatumia kijiko chako, kisha nikajilaza kando yako kidogo. Milio ya bunduki ilinitisha, na karibu yako sikuogopa sana. Wiki mbili baadaye nikajaa vipele, na wewe mwenyewe ukasema ni upepo uliovileta.

Jana nilikiri kwa Mama. Alishika kichwa: “Kumbe njo wewe! Na ile fimbo yote nilipiga mutoto wa watu bule!” Kisha akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Bienfait naye anadai jogoo, na atampata.

Kwa hiyo, Dada, figo ulinipa kwa mkono wako. Ugonjwa niliuiba mwenyewe. Mkono ule ule ndio ninaoutaka umbebe Divine.

Ubatizo ni Jumapili, tarehe 25, na jina lako padri ameshaliandika. Djo atakukabidhi kilo moja ya sukari, lakini usiitumie huko, njoo nayo. Asubuhi hiyo nitapika uji wa mchele mwenyewe, na nitakaa mlangoni pako kulinda bakuli libaki limejaa mpaka uamke.

Wote hapa wanakukumbatia.

Ni mimi, mwizi wako mwenye afya,
Arsène