Ibada ya Kwenye Simu

Wanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasheni moto. Mkimaliza, fungeni gesi.

Ndiyo, simu niliizima mimi. Wewe dada mtu umesema nimekukatia ibada. Ibada gani? Unapiga pasi, unamgombeza mdogo wako kwa ajili ya soksi, halafu unaitikia amina.

Nawalaumu hao wakubwa wetu wa ibada. Wanarekodi sala ya dakika mbili, wanatutumia, eti watu siku hizi wana shughuli nyingi. Bosi kiwandani naye kasogeza zamu iwe alfajiri. Wote wanaimega asubuhi yetu, kisha wanatuhubiria.

Marehemu mama yenu alikuwa anatushikisha mikono hapa mezani, kila mtu anasema lake. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba kifua kinamuuma. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja na sikujua. Hiyo simu ingejuaje?

~~Simu nimeondoka nayo.~~ Simu iko juu ya kabati, usije ukasema nakuonea.

Kesho amkeni nusu saa mapema, tukae hapa. Nina langu la kuombewa, na siwezi kulisema huku mtu anapiga pasi.

Baba yenu