Saidi Alikuwa Macho Yake

Jumatano, 8 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Barabara ya sokoni Ruangwa ni tope tupu, hakuna mteja. Nimeshona sketi za shule mpaka mkanda wa cherehani ukakatika. Mussa amekwenda kuutafuta mwingine. Mume wangu huyu hajui kukaa bure siku ya mvua.

Saidi alipiga jana jioni. Wanatoka kambini kwao jeshini kwenda mazoezini porini na vifaru, simu zitazimwa. Nikamwambia ampigie Mama kwanza. Akasema ameshampigia, na Mama amemuuliza tena kama kifaru kina madirisha. Alicheka sana. Mdogo wangu ana miaka ishirini na minne na bado anacheka kama anatekenywa.

Ijumaa, 10 Aprili
Saidi amefariki.

Nimeandika hivyo nione kama nitaamini. Siamini.

Mjomba Hassani alipiga nikiwa naanika nguo. Wanajeshi wawili wamefika nyumbani Kiegei pamoja na mtendaji wa kijiji. Ajali mazoezini, jana. Hawakusema zaidi. Nilikaa chini palepale kwenye maji. Mussa akatafuta gari.

Tumefika Nachingwea saa tisa, Kiegei jua linazama. Watu wamejaa uwanjani. Mama hakulia aliponiona. Alinishika mkono akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 11 Aprili
Wamemleta kwenye sanduku lenye bendera. Zuri, la mbao ya kung'aa. Nililichukia.

Afisa aliyekuja naye alikuwa mpole. Alimwambia Baba kwamba marehemu ameshaoshwa na kuvishwa sanda na Waislamu wenzake huko hospitali, na ingekuwa vyema sanduku lisifunguliwe. Baba akasema, "Mwanangu sitamzika kwa kuambiwa." Hakupaza sauti. Afisa akamtazama shehe, shehe akamtazama Baba. Likaingizwa ndani. Baba na Mjomba Hassani wakafunga mlango.

Walipotoka Baba alisema neno moja tu, "Ndiye." Mama akainuka aingie. Baba akasimama mlangoni. Sijawahi kumuona amemzuia Mama kitu. Mama aliweka kichwa kifuani kwake na hapo ndipo alipolia.

Makaburini askari walipiga risasi hewani kumuaga. Watoto wakakimbilia kwenye mikorosho. Bibi, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu, aliuliza kwa Kimwera wanampiga nani.

Jumapili, 12 Aprili
Watu wanazungumza habari zake kwenye mikeka. Kila mmoja ana Saidi wake.

Mjomba Hassani alisimulia jinsi walivyokuwa wakilinda mahindi Kilimarondo. Usiku tembo wakaingia shambani. Watu wazima wakapanda juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia. Saidi, mtoto wa darasa la sita, akashuka na debe lake akalipiga mpaka likapasuka. Tembo wakaondoka. Asubuhi wakamkuta anatetemeka, hawezi hata kushika kikombe. Alikuwa anaogopa kuliko wote. Mjomba anasema hilo ndilo asilolisahau.

Mimi namkumbuka likizo ya mwaka jana. Alikuja na rafiki yake Daudi, kijana wa Singida, dereva wa kifaru chao. Walikuwa wote kwenye kifaru kimoja. Mama aliwapikia ming'oko, na Daudi, asiyewahi kuona mizizi ile, akawa anaila na maganda. Hakuna aliyemwambia. Saidi alikuwa anajifuta machozi kwa kucheka. Baba naye alicheka, na Baba si mtu wa kucheka na wageni.

Jumatano, 15 Aprili
Sasa tunajua.

Askari aliyeleta vitu vyake alieleza. Walikuwa wanashuka ukingo wa mto. Dereva hukaa chini mbele, haoni mengi. Saidi alikuwa amesimama juu, nusu ya mwili nje, akimwelekeza. Ukingo ukamomonyoka kwa mvua, kifaru kikapinduka. Waliokuwa ndani wote wamepona.

Baba akauliza dereva alikuwa nani.

Daudi.

Baba akachukua jembe akaenda shambani, saa nane ya mchana, jua kali. Amerudi na giza. Akasema yule kijana asikanyage tena nyumba hii.

Nimekubaliana naye kwa moyo wangu wote.

Alhamisi, 30 Aprili
Nimerudi Ruangwa. Sketi bado zipo, wazazi wanazitaka. Nashona, nafumua, nashona tena.

Daudi amepiga simu. Mara ya kwanza sikupokea. Mara ya pili nimepokea nimsikie anavyojitetea. Hakujitetea. Alisema ametoka hospitali na anataka kuja kwenye arobaini, kama ataruhusiwa. Nikamwambia haruhusiwi. Akasema, "Sawa, Dada." Nilitamani abishe. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia.

Jumapili, 10 Mei
Kiegei. Nimemwambia Mama kuhusu simu ya Daudi, nikidhani atafurahi kwamba nimemkatalia.

Aliacha kuchambua mchele. Akasema, "Mwambie aje."

Baba alikuwa anasikia. Akasema haiwezekani. Mama akamjibu mbele yangu, "Wewe ulimuona mwanangu. Mimi sikumuona. Huyo mtoto ndiye aliyekuwa naye mwisho. Nataka kumuuliza." Kisha akaendelea na mchele wake. Baba alisimama pale muda mrefu kama mgeni asiyejua pa kukaa.

Nimempigia Daudi. Nimeongea naye kwa ufupi. Namchukia bado.

Jumanne, 19 Mei
Arobaini. Nimechoka lakini lazima niandike.

Daudi alifika wakati watu wanamaliza kula baada ya hitima. Amekonda. Anatembea na gongo, mguu wa kushoto haukunji. Baba akainuka kwenye mkeka, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilitaka Daudi aone, na aliona.

Mama akamwita ndani. Akanitaka nikae nao. Akamuuliza kila kitu, polepole, kama anauliza njia. Saidi alikula nini asubuhi? Chai na chapati, akalalamika chapati ni ngumu. Alikuwa mgonjwa? Hapana. Alisema nini mwisho?

Daudi alitazama chini. "Alisema simama, kisha vuta kulia. Nikafunga breki, Mama. Ardhi haikuwepo tena."

Mama akauliza kama Saidi angeweza kuingia ndani.

"Angeweza. Aliona ukingo unakatika kabla yetu sote. Angeinama tu. Alibaki ananielekeza nivute kulia. Ndiyo maana tuliangukia ubavu, hatukuangukia majini."

"Aliumia sana?"

"Nilimfikia, Mama. Alikuwa ameshaondoka."

Mama akafunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwa natazama mikono ya Daudi. Ilikuwa imelala juu ya magoti yake, naye anaiangalia kama si yake.

Hapo Baba akaingia. Kumbe alikuwa nje ya dirisha muda wote. Alisimama mbele ya Daudi, na Daudi akahangaika kuinuka na gongo lake. Nikadhani atampiga. Nadhani hata Daudi alidhani hivyo, maana hakujikinga.

Baba akamuuliza, "Wewe mto uliuona?"

"Sikuuona, Baba. Pale chini nilikuwa sioni kitu. Saidi ndiye alikuwa macho yangu."

Baba alinigeukia. Kisha akasema, "Mmempa chakula huyu?"

Nikasema bado.

"Mpe."

Nikaenda kumpakulia. Nililia kwenye sufuria ya wali. Baba alikaa naye kwenye mkeka, wakala sinia moja. Baadaye akampeleka kaburini. Daudi ni Mkristo, hakujua la kusoma. Baba alimwambia asimame tu.

Amelala kwa Mjomba Hassani. Kesho anaondoka.

Mimi sijui kama nimemsamehe. Sijui hata kama kuna cha kumsamehe. Ningependa kuwe nacho. Ningekuwa na mahali pa kuiweka hasira hii.

Jumamosi, 13 Juni
Nimekuja kusaidia kuvuna ufuta. Umekauka vizuri mwaka huu.

Tumetandika turubai, tumekung'uta toka asubuhi, mimi, Mama, Baba na Mussa. Vumbi limejaa puani. Kuelekea adhuhuri Baba alisimama kunyoosha mgongo. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba siku moja Saidi akiwa mdogo aliachwa kulinda kuku wasile ufuta, akalala juu ya turubai. Walipomwamsha alikuwa na ufuta masikioni, puani, kila mahali. Kuku walikuwa wanadonoa nywele zake.

Mama akacheka. Alianza yeye. Tukacheka sote, mpaka Baba akakaa chini.

Kisha Mama akageuza mganda mwingine wa ufuta, na sisi tukainama.